Kayaki Ndani ya Josho

Kwa nini mtu aliyezaliwa kwenye mteremko wa mashamba ya chai, asiyejua kuogelea, na anayeishi mahali ambapo maji huletwa na lori, alinunua kayaki ya kuvulia samaki? Nimeulizwa swali hili na mke wangu, na pasta wetu, na fundi wa pancha, na mtu aliyekuja kusoma mita ya umeme. Nimejiuliza mwenyewe pia, kwa utaratibu wote niliofundishwa nilipokuwa nikisomea falsafa chuo kikuu, nikianzia sababu za karibu na kuzifuata hadi zile za mbali. Sijapata jibu linaloweza kusimama bila kushikiliwa.

Sababu ya karibu ni nyepesi kusimulia. Mgeni mmoja aliyefanya kazi katika shamba la maua upande wa Isinya alikuwa akirudi kwao, na vitu vyake vilipangwa nje ya lango ili viuzwe. Nilikwenda kununua meza ya kuandikia, kwa kuwa kazi yangu ni kusahihisha miswada ya vitabu vya shule na ile meza niliyokuwa nayo ilikuwa imeanza kuyumba. Nyuma ya meza iliyokuwa ikiuzwa, ikiwa imeegemezwa ukutani kama mtu anayengoja kuitwa, ilisimama kayaki ya plastiki ya rangi ya machungwa, ndefu kuliko pikapu niliyoikodi. Mgeni akanionyesha kiti chake, na mahali pa kuwekea chambo, na jinsi mvuvi anavyoweza kukaa humo kutwa nzima bila kuongea na mtu. Nilimsikiliza kama mtu anavyosikiliza habari za nchi ya mbali. Kisha nikaisikia sauti yangu ikiuliza iwapo kasia linauzwa pamoja nayo. Meza sikuinunua.

Sisi tunakaa ukishapita Kitengela, katika uwanda ambao nusu yake ni nyumba mpya na nusu nyingine ni mawe ya mipaka yanayongoja nyumba. Upepo hapa haupumziki. Maji ya kisima yana chumvi inayoua sufuria, kwa hiyo tunanunua ya boza, lile lori la maji, na boza huja linapotaka. Jirani yetu wa karibu ni mama mmoja Mmaasai, mjane, aliyekuwa hapo kabla ya mawe ya mipaka na atakayekuwepo, nadhani, yakishang'olewa. Mimi humwita yeyo, kama wanawe wanavyomwita. Yeye huniita mwalimu, ingawa sijawahi kufundisha mtu yeyote jambo lolote. Anafuga ng'ombe, na ng'ombe wake wanategemea silanga iliyochimbwa na marehemu mumewe, bwawa la udongo mweusi linalokusanya maji ya mvua. Katika silanga hiyo waliwahi kutiwa samaki, perege, wakaachwa wazaane bila kusumbuliwa, maana nyumbani kwake hakuna anayewala.

Nilipomwomba ruhusa ya kuvua, aliniuliza kama ninakusudia kweli kuwaweka wale viumbe mdomoni. Nikakiri kwamba ndiyo. Akasema nivue tu, samaki hawali nyasi na hajawahi kuwahesabu kama mali.

Kwa asiyeijua, kayaki ya aina hii haina tumbo la wazi kama mtumbwi. Ni plastiki iliyofungwa pande zote, yenye uwazi ndani kama mtungi uliolazwa, nawe huketi juu yake. Nyuma ina kizibo kidogo cha kumwagia maji yaliyoingia. Ikiwa na ufa, maji hujaa ndani polepole bila wewe kuyaona, na dalili ya kwanza unayoipata ni kwamba ulimwengu umeanza kupanda.

Ndivyo ilivyokuwa siku yangu ya kwanza majini, ambayo pia ilikuwa ya mwisho kwa muda mrefu. Nilipiga kasia hadi katikati ya silanga, nikatupa ndoana, nikaketi nikiwaza. Ukingo wa silanga ulikuwa chini ya macho yangu. Baada ya muda ukawa sawa na macho yangu. Nilidhani ni uchovu wa macho, kwa sababu nilikuwa nimesahihisha kitabu cha hesabu juma zima. Kisha mchungaji wa yeyo, aliyekuwa amesimama ukingoni kwa mguu mmoja akiegemea fimbo yake, akauliza kwa sauti ya upole kama hiyo mashine imetengenezwa ya kwenda juu au ya kwenda chini. Nilirudi ufukoni nikipiga kasia huku maji yakiwa kiunoni, na ile sehemu ya mwisho niliitembea kwa miguu ndani ya matope, nikiiburuta kayaki kama ndama asiyetaka kuachishwa ziwa.

Iliegemezwa kwenye ukuta wa nyuma ya nyumba, na kuku mmoja akafanya kiota ndani ya kisanduku cha chambo. Mke wangu alisema kwamba hatimaye kimepatikana kiumbe kinachoijua kazi yake.

Ingekaa hapo hadi leo kama kiangazi hakingekuwa kirefu. Hata kisima cha chumvi kilikauka. Katikati ya silanga palikuwa na boya, pipa tupu lililoshikilia mdomo wa paipu ya pampu juu kidogo ya matope. Pampu ilivuta maji safi kutoka hapo na kuyapeleka kwenye hori la saruji ambako ng'ombe walikunywa wakiwa wamesimama pakavu. Maji yalipopungua, kamba ya boya ilioza na kukatika, pipa likaelea upande wake, na paipu ikazama mdomo ndani ya tope. Pampu ikaanza kuvuta udongo, ikazimwa. Ng'ombe wakawa wanateremka wenyewe kufuata maji, na ukingo wa silanga inayokauka si mahali pa mnyama mzito. Ng'ombe mwekundu wa yeyo, mwenye mimba iliyokaribia kuzaa, alizama hadi tumboni. Tulimvuta kwa kamba na magunia, watu wote wa jirani, nami nikiwemo, na alipotoka alilala ubavu akihema huku yeyo akimfuta matope machoni kwa shuka lake. Daktari wa mifugo alimwambia waziwazi kwamba ng'ombe huyo akizama mara nyingine ndama atapotea, na pengine mama yake pia.

Tangu siku hiyo, yeyo na mchungaji wake waliwanywesha ng'ombe kwa ndoo. Waliingia matopeni wenyewe, wakachota, wakapanda, wakamwaga, wakarudi, tangu alfajiri hadi jua kali. Hori halikuwahi kujaa hata robo. Ng'ombe mwekundu alifungwa kamba asiteremke, na kutwa nzima alilia akiangalia maji.

Kulikuwa na haja ya mtu mmoja tu kufika katikati, kuinua paipu na kuifunga kwenye boya. Hakuna aliyejua kuogelea. Mchungaji alijaribu kwa tyubu ya lori. Ilimzungusha mahali pamoja kama mhubiri aliyepandwa na roho, ikamrudisha ufukoni akiwa ametanguliza mgongo. Hapo ndipo yeyo alipokuja kwangu. Tulisalimiana kwanza kwa ukamilifu, kwa Kimaasai, mimi nikisema takwenya, yeye akiitikia iko, tukaulizana habari za watu wote na mifugo yote, ingawa tulikuwa tumeonana asubuhi.

"Mwalimu," akasema, "ile chombo yako bado iko?"

"Iko, yeyo. Lakini inaingiza maji."

"Hata mimi niko na nyumba inaingiza maji, na ninalala ndani. Ziba."

Huwezi kuziba usichokiona. Nilimhamisha kuku, nikaikagua kayaki kwa mikono na kwa miwani ya kusomea, nikakuta mikwaruzo isiyo na idadi na ufa usio na dalili. Nilipendekeza tuijaze maji kwa ndani, tuone yanatokea wapi. Mke wangu, aliyekuwa akipima kina cha tangi letu kwa kuligonga kwa pete ya ndoa, aliniambia kwamba maji yaliyobaki yana wenyewe. Kikundi chake cha akina mama wa kanisa kilikuwa kinakuja nyumbani kwetu Jumamosi, zamu yake ilikuwa imefika, na dereva wa boza alikuwa amesema atafika juma lijalo Mungu akipenda. Katika eneo letu, kauli hiyo ikitoka kwa dereva wa boza ni sawa na hapana.

Nikaipeleka kwa fundi wa pancha, pale barabarani. Aliizunguka mara mbili, akaipiga kofi mgongoni, akanihakikishia kwamba ni tyubu kama tyubu nyingine, tofauti ni saizi. Alichomeka paipu ya kujazia upepo kwenye tundu la nyuma, akaizungushia kitambaa, akanipa mimi kazi ya kupaka povu la sabuni kila mahali ili upepo unaotoka utoe mapovu. Mantiki yake haikuwa na kasoro. Ila upepo wa Kitengela ulilichukua povu kabla halijatua, ukalipeleka kwenye kibanda cha mama anayeuza chapati, na kwa muda wa nusu saa niliipaka kayaki sabuni upande mmoja huku upande wa pili ukikauka. Mama wa chapati alinieleza maoni yake kuhusu watu waliosoma. Wateja wake walikubaliana naye huku wakichagua chapati zisizo na povu.

"Bosi, shida yako si tundu," fundi akasema mwishowe, akizima mashine. "Shida yako ni karai. Tyubu ninaingiza kwa karai ya maji, inaongea yenyewe. Tafuta karai ya saizi ya hii kitu."

Niliondoka nikilifikiria hilo kwa uzito uliostahili. Karai lenye urefu wa kayaki na upana wa kayaki, lenye maji tele, katika kiangazi hiki. Akilini nilipita kila chombo nilichokijua kati ya Kitengela na Kajiado. Matangi ni marefu kwenda juu. Silanga yenyewe imejaa tope, huwezi kuona povu, na isitoshe huko ndiko tusikoweza kufika. Wazo lilinijia nilipokuwa nimesimama kwenye lango la yeyo, nikitazama ng'ombe wake. Kuna chombo ambacho kila mfugaji wa hapa anakijua, kirefu, chembamba, chenye upana wa ng'ombe mmoja na urefu wa ng'ombe kadhaa waliofuatana, ambacho hujazwa maji hata mvua ikikataa, kwa kuwa kupe hawangoji mvua.

Nilimwambia yeyo kuhusu josho, lile birika la kuogeshea ng'ombe dawa ya kupe. Alilifikiria, akatikisa kichwa kwa kuridhika, akasema kwamba siku ya kuogesha mifugo ni kesho yake. Mchungaji wake aliafiki. Fundi wa pancha alifunga kibanda chake ili aje kushuhudia. Mke wangu alicheka hadi akakaa chini, lakini hata yeye hakuona kosa. Nataka hilo lieleweke vizuri. Wazo lilipita mbele ya watu wanne wenye akili timamu, wawili wao wakiwa wamelelewa na mifugo, na likapokewa kama wazo zuri.

Tulilikuta josho likiwa na foleni. Mtunza josho ni mzee mfupi mwenye buti za mpira na ufito mrefu wenye panda mwishoni, ambao huutumia kumzamisha ng'ombe kichwa anapopita akiogelea, ili dawa imfike hadi masikioni. Alituzuia langoni. Hakushangaa, nadhani kazi yake imemwishia mshangao. Aliuliza tu hii ni ya nani na ina kupe gani. Yeyo akamweleza mambo ya silanga, na paipu, na ng'ombe mwekundu. Mzee akasikiliza yote, kisha akatoa uamuzi kwamba ng'ombe watatangulia, watafuata mbuzi na kondoo, halafu vitu vingine. Mwenye kondoo mmoja alilalamika kwamba kondoo wake hawawezi kupita mbele ya chombo kirefu cha machungwa kilicholazwa njiani bila kutawanyika, na ikabidi kayaki ifunikwe blanketi, kama farasi mwoga.

Zamu yetu ilipofika, mzee alituuliza swali ambalo huliuliza kila mtu anayeleta mnyama, kwa mazoea, bila kuinua macho.

"Imekunywa maji?"

Tulicheka sote. Fundi wa pancha akajibu kwamba imekunywa sana, ndiyo ugonjwa wake.

Mzee hakucheka. Akafungua lango.

Tuliisukuma kayaki kwenye mteremko, ikaingia josho kwa kelele kubwa na kuelea juu kabisa, nyepesi, yenye furaha, kama kitu kilichokuwa kikiisubiri siku hiyo. Hatukuwa tumefikiria kwamba kitu kilichotengenezwa kisizame kingekataa kuzamishwa. Tuliibana kwa nguzo mbili, ikateleza. Mchungaji aliikalia, ikageuka, naye akaokolewa na ukosi wa shati lake kabla hajaoga dawa. Ndipo mtunza josho aliposogea na ufito wake wa panda. Alisema kwamba tangu ashike kazi hiyo hakuna kilichopita hapo kikavu kichwani, na kayaki haitakuwa ya kwanza. Akaikandamiza mbele, mimi na fundi tukaikandamiza nyuma kwa nguzo. Na kweli ikaongea. Mapovu madogo, mfululizo, yalipanda kutoka sehemu ya chini ya mkia, pale ilipoburutwa juu ya changarawe, na mengine yakatokea penye skrubu za kishikilio cha ufito wa ndoana, kishikilio ambacho nilikifunga kwa mkono wangu mwenyewe. Foleni nzima ilishangilia. Nilikwaruza alama kwa msumari tulipoitoa, nikiwa na furaha ambayo shahada yangu haikuwahi kunipa.

Ukarabati ulikwenda vizuri kuliko nilivyostahili. Nilikwenda Kajiado mjini kutafuta silikoni ya kuzibia matangi, kwa sababu maduka niliyoyauliza Kitengela yalikuwa na ya vioo tu. Nilifungua skrubu zote, nikazirudisha zikiwa na silikoni na washa za mpira ambazo fundi wa pancha alizikata kutoka kwenye tyubu kuukuu. Ufa wa mkiani niliuziba kwa plastiki: nilikata vipande vya mtungi wa manjano, nikavilainisha kwa ncha ya chuma iliyopashwa moto kwenye jiko, nikavikandika juu ya ufa hadi plastiki mbili zikaungana. Kiraka kilikuwa cha manjano juu ya machungwa, kibaya, kinene, na imara. Jioni jua likiwa bado halijazama, kayaki ililala juu ya mawe mawili uani kwetu, na mimi nilisimama pembeni yake nikiwa na uchovu wa mtu mwenye manufaa.

Yeyo alikuja kuiona. Tulipanga kwamba kesho yake asubuhi ningeingia silangani. Aliizunguka polepole, akagusa kiraka kwa kidole, akakisifu. Kisha akasimama. Akainama. Akaweka pua yake karibu na kiti.

"Mwalimu," akasema, "hii kitu inanuka dipu."

Nikasema kwamba bila shaka inanuka, si ndiko ilikotoka.

"Na kesho unaiweka wapi?"

Hapo nikaelewa, na nadhani nililielewa jambo zima kwa mara moja, kama mtu anayekumbuka akiwa barabarani kwamba ameacha jiko likiwaka. Kila mtu hapa anajua kwamba ng'ombe hunyweshwa maji kabla ya kwenda josho, ili akiwa mle ndani asiwe na kiu, asije akayanywa yale maji ya dawa. Mtoto anayechunga mbuzi anajua. Ndiyo maana mzee wa josho huuliza. Sote tulilijua jambo hilo kuhusu ng'ombe, na hakuna aliyelijua kuhusu kayaki. Tulikuwa tumekichovya chombo chetu pekee ndani ya sumu ya kupe, na sumu hiyo ilikuwa imeingia hadi ndani kupitia matundu yaleyale tuliyokuwa tukiyatafuta, nami nilikuwa nimeyaziba nikaifungia humo. Sasa tulikusudia kuielekeza kwenye maji ya kunywa ya ng'ombe wake wote, na ng'ombe mwenye mimba angekuwa wa kwanza kuyanywa.

Nilipojaribu kusema neno la pole, yeyo alinizuia kwa mkono. Hakuwa na hasira. Alisema mwenyewe ndiye aliyeipeleka, akamweleza hata mzee wa josho. Alisema tu kwamba ni lazima ioshwe, ndani na nje, mpaka isinuke kabisa, na kwamba hilo halihitaji ndoo moja wala mbili. Kisha akatazama upande wa silanga, nami nikatazama, na sote tukayaona mambo yalivyojipanga. Ili pampu ivute maji, ilihitajika kayaki. Ili kayaki iingie majini, yalihitajika maji mengi. Maji mengi yalikuwa upande wa pili wa pampu. Katika miaka yangu ya chuo niliwahi kuandika kurasa nyingi kuhusu hoja zinazojizunguka zenyewe, na sikuwahi kufikiri kwamba siku moja nitaikuta moja uani kwangu, ya rangi ya machungwa.

Ng'ombe mwekundu alilia kule bomani. Yeyo akageuza uso, akasema atachota tena kwa ndoo kesho, na keshokutwa, mpaka aone. Lakini mikono yake, aliponishika kuniaga, ilikuwa na malengelenge yaliyopasuka, na mchungaji wake alikuwa amekwisha sema kwamba mgongo wake haufiki Jumapili.

Mke wangu alikuwa amesikia kila kitu kutoka mlangoni. Tulipokuwa tukila, sikuligusa suala la tangi, naye hakuligusa, na kwa muda tulizungumza kwa bidii kuhusu chumvi ya mboga. Nilijua kilichokuwa ndani ya tangi lile. Kilikuwa chai ya Jumamosi, na wali, na vikombe vya kuoshwa, na heshima yake mbele ya wanawake ambao kila mmoja wao alikuwa amekwisha wakaribisha wenzake bila kupungukiwa na kitu. Nilikuwa nimeileta kayaki katika ndoa hii bila kumuuliza. Sikuona kwa mdomo gani ningeweza kumwomba maji ya kuiogeshea.

Alinawa vidole kwa maji kidogo sana, ndani ya kikombe, kama tulivyokuwa tumezoea juma hilo.

"Wageni watakunywa soda," akasema. "Ng'ombe hawanywi soda."

Nilimuuliza wali utapikwa na nini.

"Nitawaambia waje na mitungi yao. Wakiuliza sababu, utatoka nje uwaeleze wewe. Na uanzie mwanzo. Uanzie kwa ile meza."

Asubuhi, kabla upepo haujaamka sawasawa, yeyo alikuja na kigoda chake cha miguu mitatu, akakiweka uani na kuketi, mikono magotini, kama hakimu. Tuliivuta kayaki hadi kando ya shimo la takataka, mbali na mteremko wa silanga, ili maji machafu yaishie humo. Mke wangu akafungua bomba la tangi. Nilisugua kwa sabuni ya mche na ufagio wa chooni uliokuwa mpya, nje kwanza, kisha nikang'oa kizibo cha nyuma, nikamimina maji ndani, tukaiinua mimi na mchungaji na kuitikisa huku na huku, ikasukasuka kama kibuyu cha maziwa, tukamwaga. Yeyo akainuka, akainama kwenye tundu, akavuta hewa.

"Bado," akasema, akaketi.

Tulirudia. Mke wangu alikuwa akigonga tangi kwa pete yake kila baada ya raundi, na mlio wake ulizidi kuwa wa chombo kitupu. Fundi wa pancha alifika na chapati, akaketi juu ya jiwe kutazama. Yeyo alinusa tena, na tena akasema bado. Kuna wakati nilihisi kwamba yeye na tangi walikuwa wakishindana, na kwamba mimi ni uwanja tu. Bomba lilipoanza kukohoa, likitoa maji na hewa kwa zamu, tulimimina ndoo ya mwisho, tukatikisa, tukamwaga. Maji yalitoka yakiwa safi. Yeyo alinusa kwenye kiti, kwenye kiraka, kwenye tundu. Alichukua muda mrefu. Kisha akalowesha kidole ndani ya tundu, akakigusa kwenye ulimi, akatema pembeni, akafikiri.

"Sasa inanuka wewe," akasema. "Peleka."

Tuliibeba hadi silanga, watu wanne, bila kuiburuta hata hatua moja. Niliketi, wakanisukuma. Kasia lilikuwa jepesi. Nilifika kwenye paipu, nikaizamia mkono hadi begani, nikaivuta kutoka kwenye tope, nikaifunga kwa kamba mpya kwenye mtungi mtupu wa manjano, ndugu wa ule niliokata kiraka. Nilipomaliza fundo la pili niligundua kwamba makalio yangu yalikuwa yamelowa. Ulimwengu ulikuwa umeanza kupanda tena, taratibu, kutoka mahali ambapo hakuna aliyepaona. Niliinua kasia kuwaashiria. Kule ukingoni injini ikakohoa mara mbili, ikashika, na maji yakaanza kuanguka ndani ya hori la saruji, ng'ombe mwekundu akiwa wa kwanza kufunguliwa kamba. Niligeuza kayaki na kuanza kupiga kasia, kwa haraka ya kadiri.